MREJESHO: London na watoto watatu, nauli na viingilio

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuizungusha familia London bila kumaliza akiba kwenye nauli na viingilio. Asanteni sana, majibu ndiyo haya.

Kilichookoa hela zaidi ni ule ushauri wa Oyster, kadi ya kulipia nauli ya London. Wa miaka 7 na wa miaka 4 walipanda treni za chini ya ardhi bure, maana aliye chini ya miaka 11 halipi akiwa na mtu mzima. Wa miaka 13 alihitaji kadi yake. Mhudumu wa stesheni akaiwekea punguzo la wageni vijana, nusu nauli kwa siku 14. Liombeni kabla ya safari ya kwanza. British Museum na makumbusho ya South Kensington kweli ni bure.

Gwaride la kubadilishana walinzi pale kasri la mfalme la Buckingham lilitushinda: saa nne na nusu uzio wa mbele ulishajaa, watoto wakaambulia ncha za kofia za manyoya. Tuliporudi Jumatano tukasimama karibu na Wellington Barracks, kikosi kinakotokea, kama mlivyosema. Hapo waliona vizuri, bendi na yote.

Mwenye kigari cha mtoto apande basi. Stesheni nyingi hazina lifti. Ila dereva wa basi hapokei pesa taslimu.