Kujisimamia, kumpa meneja asilimia au kusaini na lebo: mwimbaji aliye Mombasa afuate njia ipi?

MwanaKisauni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Huu ni mwaka wa sita nikiimba nyimbo ninazozitunga mwenyewe, za mahadhi ya taarab juu ya gitaa, na sehemu kubwa ya riziki yangu hutoka katika harusi na hoteli za Nyali na Bamburi. Sasa nina njia tatu mbele yangu. Naweza kuendelea kujisimamia kama nilivyo. Naweza kumkubali meneja wa hapa mjini ambaye anataka asilimia 20 ya mapato yote kwa miaka mitano. Au naweza kusaini na lebo ya Nairobi, yaani kampuni ya muziki, ambayo itagharamia albamu na video, lakini rekodi asili, yaani sauti zenyewe zilizorekodiwa studio, zitakuwa mali yake. Nawaomba wenye uzoefu wanilinganishie njia hizi bila kunificha kitu.

Mpigagita wa Bamburi

Waaleikum salaam, dada. Kabla hujaiangalia hiyo 20, liangalie neno linaloifuata: “mapato yote”. Tuchukue harusi ya shilingi 30,000. Wapigaji watatu utawalipa 5,000 kila mmoja, vyombo vya sauti 6,000, na gari la kwenda na kurudi Mtwapa 3,000. Umebakiwa na 6,000. Asilimia 20 ya mapato yote ni 6,000 hiyo hiyo, kwa hiyo utakuwa umeimba hadi saa nane za usiku na kurudi nyumbani mikono mitupu, hali mkataba haujavunjwa hata kidogo. Asilimia iyo hiyo ikikatwa baada ya gharama, meneja atapata 1,200 nawe utapata 4,800.

Mwulize pia kuhusu fedha za kutunzwa. Bibi anayeinuka kitini, akacheza mpaka mbele yako na kukuwekea noti ya mia tano mkononi, anakutunza wewe kwa kuwa wimbo umemgusa. Mkataba unaosema “yote” bila kufafanua unaihesabu noti hiyo pia.

Mtayarishaji, Majengo

Kwa upande wa kusambaza nyimbo, meneja si lazima; zipo kampuni zinazokupelekea nyimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia mtandaoni kama Spotify. DistroKid hutoza ada ya mwaka na kukuachia mapato yako, lakini usipolipia mwaka unaofuata nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa kama umelipa nyongeza ya kuziacha zibaki. CD Baby hulipisha mara moja kwa kila toleo, kisha hukata asilimia 9. Kwa msanii anayetoa wimbo mmoja au miwili kwa mwaka na ambaye kipato chake hupungua masika, wageni wanapoadimika hotelini, mimi ningependelea malipo ya mara moja.

Hata hivyo usiyategemee majukwaa haya kwa kodi ya nyumba. Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Ni heri nyimbo tatu zinazotangazwa kwa bidii kuliko kumi zilizotupwa tu.

Aliyetoka Lebo

Mimi nilisaini na lebo, ambayo sitaitaja, kwa miaka mitatu. Nitasema haki: walinipigia video ambayo nisingeimudu kamwe, na wimbo ukasikika redioni. Kilichoniumiza ni kwamba chaneli ya YouTube, barua pepe na nywila zote zilikuwa mikononi mwao, na mkataba ulipokwisha chaneli ilibaki kwao pamoja na wafuasi wote. Juzi nilikuwa nasubiri feri Likoni, na muuza kahawa mmoja alikuwa akiusikiliza wimbo wangu kwenye simu yake, akiuimba neno kwa neno. Nilifurahi sana, kisha nikakumbuka kwamba sipati hata shilingi kutokana na sauti ile. Dada, ukisaini, taka iandikwe kwamba rekodi zitarudi kwako baada ya miaka maalumu, na akaunti zifunguliwe kwa jina lako tangu siku ya kwanza.

Mwandani wa Hakimiliki

Niongeze hapo. Wimbo mmoja una haki za mtunzi, za mtumbuizaji na za mmiliki wa rekodi. Hapa Kenya vyama vilivyojulikana kwa kuzikusanya ni MCSK, PRISK na KAMP, kwa mpangilio huo, lakini leseni zao hutolewa na KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, kwa muda maalumu, kwa hiyo hakikisha kwanza ni nani mwenye leseni mwaka huu. Dada anayejilipia studio ana haki zote tatu. Akiiachia lebo rekodi asili, ya tatu imekwenda. Katika milio ya simu, ile anayoisikia mtu anayekupigia, marekebisho ya sheria ya 2022 yaliweka fungu la mwenye haki kuwa si chini ya asilimia 52. Ndiyo maana ni lazima ijulikane kwa maandishi mwenye haki ni nani, hata baina yako na mpiga gitaa wako, na karatasi hiyo isainiwe kabla hamjatoka studio.

Nahodha wa Mtwapa

Naona wote mnaelekea kumwambia ajisimamie. Kujisimamia kuna gharama isiyoandikwa popote, nayo ni muda. Mimi asubuhi zangu zote huenda katika kuwapigia simu wahasibu wa hoteli kudai malipo ya mwezi uliopita, na tangu Ramadhani sijamaliza beti moja. Meneja mwema ni msaada mkubwa; apewe mwaka mmoja wa majaribio badala ya mitano.

MwanaKisauni

Nawashukuru nyote. Lebo nimeiweka kando. Meneja nitampelekea pendekezo langu: mwaka mmoja, asilimia 15 baada ya gharama, kwa kazi anazozileta yeye tu, na fedha za kutunzwa zisiguswe. Maneno ya Aliyetoka Lebo yamenishtua. Nimeichungulia akaunti yangu ya usambazaji usiku huu, na kumbe barua pepe iliyotumika kuifungua ni ya kijana aliyenisaidia kupakia wimbo wangu wa kwanza. Nimempigia simu, naye hana kinyongo. Tunaonana kesho baada ya Alasiri pale Tononoka tuibadilishe.