Kikundi cha Ukoo: Mama yake GG Allin

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Kuna aliyeiona The Allins, ile filamu ya maisha halisi kuhusu familia ya GG Allin? Ya 2017, ya Mdenishi mmoja, Sami Saif. Nimeitazama jana usiku, usingizi sikuupata.

Baba Mdogo: Marahaba. Huyo si yule wa muziki wa panki Marekani, aliyekuwa akijisaidia jukwaani na kuwapiga watazamaji? Mnatazama nini nyie?

Dada Mkubwa: Ndiye. Alifariki New York 1993, alizidisha heroini, miaka 36 tu. Humu wapo waliobaki: mama yake Arleta na kaka yake Merle.

Shangazi: Mzazi wa mtu kama huyo anaishije jamani?

Dada Mkubwa: Shangazi, yule mama kapitia mengi. Mumewe alishika dini mpaka ikawa wazimu. Kawaweka kwenye nyumba ya magogo huko jimbo la New Hampshire, maji ya bomba hakuna, umeme hakuna, na kila mara anatishia kuwaua. Huyo GG kazaliwa 1956, baba kampa jina Jesus Christ, yaani Yesu Kristo. Kaka yake Merle bado alikuwa mtoto, hawezi kutamka Jesus, anasema "Jeje", ndipo ikatoka hiyo GG. Mama akaondoka na wanawe, akalibadilisha jina kisheria likawa Kevin Michael, mtoto asije akachekwa shuleni. Kampigania hivyo, halafu watu wanamjua mwanawe kwa uchafu tu.

Baba Mdogo: Mama nampa pole. Ila mwanawe alifungwa Michigan kwa kumjeruhi mwanamke, na huyo mwanamke naye ni mtoto wa mtu. Msimfanye shujaa.

Dada Mkubwa: Hakuna anayemfanya shujaa, Bamdogo.

Kaka: Mimi Merle ndiye simwelewi. Bado anapiga gitaa la besi kwenye bendi ileile ya GG, anauza na vitu vya marehemu.

Shangazi: Kila mtu na msiba wake, mwanangu. Na kula lazima.

Dada Mkubwa: Kilichoniliza ni kaburi. Liko Littleton, hukohuko New Hampshire. Mashabiki wanakuja wanalikojolea, eti wanamuenzi, mpaka jiwe la kaburi likaondolewa.

Shangazi: Astaghfirullah! Kaburi la mtoto wa mwenzao? Hata angekuwa nani, akishazikwa mwacheni mama amlilie mwanawe!

Baba Mdogo: Hapo dada umesema. Hilo halina utetezi.

Shangazi: Niwekee kwenye simu, nitaitazama watoto wakilala.

Dada Mkubwa: Sawa Shangazi. Vipande vya jukwaani uvirushe, ni vibaya sana. Yule mama akianza kuongea, usiruke hata neno.