Naomba ushauri: kupasha chumba joto bila mkaa msimu wa kipupwe

Ndugu zangu, naishi Dodoma na mama yangu mzee ambaye kila ifikapo Juni na Julai, upepo unapovuma usiku kucha, hawezi kulala bila jiko la mkaa chumbani. Najua kwamba mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Ndiyo maana jiko hulitoa mimi mwenyewe kabla mama hajalala, ingawa yeye husema namnyanyasa.

Linalonisumbua pia ni miti. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa huweza kula kilo 7 hadi 10 za kuni, na katika gunia letu la mwisho nilikuta vipande vya mgunga vyembamba kama kifundo cha mkono, yaani mti uliokatwa ukiwa bado mchanga. Katika mkoa ambao mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo ya Kondoa, naona aibu.

Gesi tunayo, lakini ni ya kupikia. Hita ya umeme naihofia kwa sababu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Je, yupo aliyeweka dari chini ya bati na kuziba mianya ya madirisha, akaona tofauti ya kweli usiku? Fundi wangu anasisitiza dari ni urembo tu, nami sijashawishika. Na chupa za maji ya moto kitandani, zinatosha kwa mzee hadi alfajiri?