Barua ya wakili kuhusu jina la biashara: nifanyeje?

Mama Rehema, Edmonton:

Habari zenu ndugu. Tangu 2021 napika pilau, sambusa na mandazi kwa oda za harusi na misiba, kwa jina nililolisajili hapa mkoa wa Alberta, Kanada. Juzi nimeletewa barua na wakili wa kampuni moja ya Ontario. Anasema jina langu linafanana na alama ya biashara waliyoisajili serikali kuu mwaka jana, niliache ndani ya siku kumi na nisaini karatasi yao. Kwani cheti changu cha mkoa si kinga? Au nibadilishe tu jina yaishe?

Baba Salum, Ottawa:

Pole sana mama. Usisaini chochote bado, na usiitupe barua hiyo.

Cheti cha mkoa hakikupi umiliki wa jina. Kinachokupa nguvu ni kulitumia. Hapa Kanada aliyetangulia kulitumia jina sokoni anaweza kumshinda aliyelisajili, hata wakiwa mikoa tofauti. Isome kesi ya Masterpiece na Alavida, maana inakuhusu moja kwa moja. Zote zilikuwa kampuni za makazi ya wazee. Masterpiece ilianza kulitumia jina hilo Alberta mwaka 2001. Desemba 2005 Alavida ya Ontario ikaomba kusajili "Masterpiece Living", ikapewa. Masterpiece ilishindwa katika mahakama mbili, haikukata tamaa, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamuru usajili wa Alavida ufutwe. Umbali wa Alberta na Ontario haukumwokoa Alavida, kwa sababu alama iliyosajiliwa inashika nchi nzima.

Kipimo cha mahakama ni mteja wa kawaida mwenye haraka kidogo: akiliona jina lako, atadhani chakula hicho ni cha kampuni ile? Mwaka 2006 Mattel, wenye mwanasesere Barbie, walishindwa kuizuia migahawa midogo ya Montreal iliyoitwa Barbie's kusajili jina hilo, kwa kuwa anayeagiza chakula hadhani anauziwa na watengeneza wanasesere. Lakini hao wa Ontario nao wakiwa wapishi, hoja hiyo haitakufaa. Simamia hoja ya kutangulia kulitumia jina.

Basi anza kukusanya: ankara za mwanzo kabisa, meseji za oda, taarifa za benki, picha za bango zenye tarehe. Halafu waulize wao walianza lini kuuza. Wakijibu 2019, una kazi kubwa. Wakijibu 2023, mambo yamegeuka. Isitoshe, tangu 1 Aprili 2025, mwenye usajili ambao haujatimiza miaka mitatu akikushtaki kwa kuuvunja, kwa kawaida lazima aonyeshe kwamba ameitumia alama hiyo humu nchini.

Ila usilale. Usajili wao ukipita miaka mitano, kuufuta kwa hoja ya kutangulia kunakuwa kugumu mno. Itabidi uthibitishe kwamba walipolichukua jina walijua wewe unalitumia.

Shangazi Tatu, Winnipeg:

Samahani nadandia hapo hapo. Kampuni ya intaneti imenitumia imeili kwamba kuna filamu imepakuliwa bila ruhusa kwa laini yangu. Vijana wangu hao! Natakiwa kulipa?

Baba Salum:

Shangazi, hiyo ni taarifa tu. Tangu 2015 kampuni za intaneti zinalazimika kuzipeleka kwa wateja, na tangu mwishoni mwa 2018 sheria hairuhusu taarifa hizo ziwe na madai ya malipo. Ikiwa na kiungo cha kulipia, usikibonyeze. Ongea na vijana waache. Fidia iliyowekwa na sheria kwa matumizi yasiyo ya biashara ni kati ya dola 100 na 5,000 kwa kesi nzima. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikataa kuipa kampuni ya filamu ya Voltage hukumu dhidi ya wateja ambao hawakujitetea. Kuwa mwenye laini peke yake hakukuthibitisha kosa. Ila zikija hati za madai zenyewe kutoka Mahakama ya Shirikisho, una siku 30 za kuwasilisha utetezi. Hizo usizinyamazie hata kidogo.

Mama Rehema:

Asante sana. Ankara ya kwanza nimeipata, ya harusi ya Mei 2021. Na nikishtakiwa, lazima niwe na wakili?

Baba Salum:

Katika Mahakama ya Shirikisho, biashara ikiwa ya mtu binafsi unaruhusiwa kujitetea mwenyewe. Ikiwa ni kampuni, lazima wakili, isipokuwa mahakama ikubali vingine. Hata hivyo lipia saa moja ya wakili wa alama za biashara sasa, akujibie barua hiyo kabla siku kumi hazijaisha.