Je, tumwamini msimulizi wa nafsi ya kwanza?

Mwalimu, Kasarani: Ndugu wasomaji, ninasoma upya riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi na wanafunzi wangu hapa Nairobi, na mmoja wao ameniuliza swali lililonikwamisha: ikiwa karibu kila tunachojua kuhusu Manase tunakipata kwa msimulizi, Kazimoto, ambaye anamchukia Manase kwa kumpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, tutajuaje kwamba tunamwona Manase mwenyewe?

Msomaji, Buruburu: Hatujui, mwalimu, na hapo ndipo penye utamu. Msimulizi maizi, yaani yule ajuaye yote, hukaa nje ya ugomvi, ilhali huyu "mimi" yumo ndani yake. Waambie wapige mstari wa buluu pale anapoeleza alichokiona, na mwekundu pale anapohukumu.

Msomaji, Ngara: Naongeza kidogo. Mimi humwamini zaidi msimulizi anapokiri aibu yake, kwa kuwa anayetaka kujipamba angeificha. Lakini kukiri nako kwaweza kuwa mtego, maana tukishamhurumia tunaacha kumhoji.

Mwalimu, Kasarani: Ahsanteni sana. Kesho tutaanza na kurasa zinazomhusu Rukia, kila mwanafunzi na kalamu zake mbili.