Ushauri wa haraka wakuu: saida ya tufaha ina harufu, na wageni ni kesho

Mpishi_wa_Dharura: Wakuu habari za usiku. Naenda moja kwa moja maana muda umenibana. Kesho saa kumi jioni nina wageni 12 na nimeshawaahidi saida ya moto, ile juisi ya tufaha inayochemshwa na viungo. Juisi ninayo tayari, chupa nane. Tatizo nimeonja sasa hivi, inakwaruza ulimi, halafu ina harufu sijui niiite nini, kama ya mkate. Swali langu ni moja tu: niweke karafuu ngapi ili harufu ipotee? Msinicheke.

Ndugu Kijiti: Kabla ya karafuu, mdalasini wako ni wa unga au vijiti? Hapo ndipo wengi huharibu. Unga hauyeyuki, unavimba, kinywaji kinakuwa na utelezi na chini ya kikombe linabaki tope. Tumia vijiti.

Bibi_wa_Mtandao: Karafuu! Ngoja niwape yangu. Niliwahi kuweka 30 kwenye sufuria moja nikidhani nazidisha ladha. Kumbe karafuu ina mafuta yenye kutia ganzi, hata mafundi wa meno huyatumia. Shemeji yangu alikunywa vikombe viwili, akawa anaongea kama mtu aliyeng'olewa jino. Tulicheka sana, ila hajarudi kwangu mpaka leo.

Shangazi Mwiko: Mwanangu, harufu haifunikwi, inaulizwa imetoka wapi. Siku hizi vijana mnataka kufunika kila kitu.

Mpishi_wa_Dharura: Shangazi asante, ila nimeuliza idadi ya karafuu.

Fundi_Mapipa: Harufu ya mkate? Juisi ina siku ngapi, na chupa zikoje?

Mpishi_wa_Dharura: Siku tano, kabatini. Chupa ziko sawa, ngumu kidogo tu.

Fundi_Mapipa: Ngumu kiasi gani?

Mpishi_wa_Dharura: Kama jiwe. Ila huwa nalegeza vizibo kila asubuhi zinapumua.

Fundi_Mapipa: Mtu aliyekamua juisi akaisahau kabatini hawezi kujua mambo ya kulegeza vizibo. Sema ulitia nini.

Mpishi_wa_Dharura: Haya. Nilitia hamira, kijiko cha chai kila chupa, na sukari. Nilitaka iwe na gesi kidogo kama soda, basi. Lakini kesho naichemsha, na kila mtu anajua kileo huchemka kabla ya maji. Kitaruka chote. Kwa hiyo turudi kwenye karafuu.

Fundi_Mapipa: Ni kweli kileo huchemka kwenye nyuzi 78, ila kikishachanganyika na maji hakiondoki kirahisi hivyo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali lake: kikitokota dakika 15 asilimia 40 bado imo, nusu saa 35, saa nzima 25. Hata ukitokosa saa mbili na nusu inabaki 5. Sukari uliweka kiasi gani, na tufaha kilo ngapi?

Mpishi_wa_Dharura: Sukari kilo 2 kwa jumla. Tufaha kilo 6. Chupa ni za lita moja na nusu.

Fundi_Mapipa: Lita 12, sukari kilo 2. Kila gramu 17 hivi za sukari kwa lita, hamira ikizila zote, hutoa asilimia moja ya kileo. Piga hesabu. Ikimaliza kazi yake inakaribia asilimia 10. Hiyo siyo soda mkuu, huo ni mvinyo.

Ndugu Kijiti: Na bado hajajibu kuhusu mdalasini.

Msomaji_Nyuma: Mnabishana bure. Marekani ukisema saida ni juisi ya tufaha isiyochujwa, hata mtoto anakunywa. Uingereza ukisema saida ni kileo. Mleta mada kapika nchi mbili kwenye sufuria moja.

Bibi_wa_Mtandao: 😂😂 Mimi napendekeza usichemshe kabisa, wape hivyo hivyo, wageni watakusifu mpaka asubuhi.

Mama_Vikombe: Nyie mnaogopa kileo, mimi juisi mbichi ndiyo inaninyima usingizi. Mwaka 1996 huko Marekani na Kanada watu zaidi ya 60 waliugua kwa E. koli, bakteria iliyokuwa kwenye juisi ya tufaha isiyochemshwa, na mtoto mmoja alikufa. Ile juisi ilikuwa ya dukani. Tangu nisome hayo, kwangu haiendi mezani kabla haijachemka.

Tomaso_2: Samahani wadau, mimi hesabu haziniingii. Nyumbani, bila mashine kubwa, kilo 2 za tufaha zikikupa lita moja ya juisi shukuru. Kilo 6 ni lita tatu. Huyu anatuambia 12. Halafu wageni 12, lita 12, yote kesho, na anajibu baada ya dakika moja kila mara. Hii siyo saida, hii ni CHAI. Imekolea na sukari.

Bibi_wa_Mtandao: Tena chai ya rangi.

Ndugu Kijiti: Nilihisi. Mtu mwenye saida kweli angeshasema kama mdalasini ni wa unga au vijiti.

Tomaso_2: Aweke picha ya chupa nane tuamini.

Mpishi_wa_Dharura: Siweki picha, kabati lipo chumba ambacho mke wangu amelala. Na lita tisa ni maji, basi! Tufaha hazikutosha nikaongeza maji, ikawa haina ladha nikaongeza sukari. Nani anatunga hadithi ya aibu namna hii? Mnadhani nachekelea? Baba mkwe ndiye mgeni wenyewe. Ameacha pombe mwaka wa tisa huu. Mke wangu ndiye aliyechagua saida, akasema ni kinywaji ambacho baba atashika kikombe sawa na wenzake. Nikataka kuiboresha.

Shangazi Mwiko: Ungeanza na hilo.

Fundi_Mapipa: Hapo habari ya karafuu imekufa. Usimpe hata kijiko, hata ukichemsha usiku kucha.

Mpishi_wa_Dharura: Nilikuwa nafikiria wengine niwape hii, yeye nimpe maji ya moto na limau. Sukari kilo mbili imeingia humo jamani.

Shangazi Mwiko: Yaani umkalishe katikati ya harufu aliyoikimbia miaka tisa, na kikombe chake peke yake kiwe tofauti? Sikiliza. Asubuhi nunua tufaha 10, chachu na tamu changanya, ndipo ladha inapotoka. Kata vipande vinne vinne na maganda yake, tia kwenye sufuria ya chuma cha pua, siyo ya alumini, maana uchachu wa tufaha hula alumini. Maji yazipite kwa vidole viwili. Chungwa moja, ila menya na ile nyama nyeupe iondoe, ikitokota muda mrefu inatoa uchungu. Vijiti vitatu vya mdalasini, karafuu sita. SITA. Moto mdogo, iwe inacheka tu, saa mbili. Ponda na mwiko, iache nusu saa tena, chuja kwa kitambaa. Usiikamue kwa nguvu, itatoka na tope. Sukari mwishoni, huku unaonja. Kwa watu 12 ni kikombe kimoja kimoja, wakitaka zaidi pika sufuria mbili.

Ndugu Kijiti: Vijiti! Nilisema.

Mama_Vikombe: Kama kuna mtoto chini ya mwaka mmoja, usitie asali badala ya sukari.

Tomaso_2: Ya baba mkwe imekaa vizuri, nakiri. Ila picha bado nasubiri.

Fundi_Mapipa: Mpishi, acha picha. Leo asubuhi ulilegeza vizibo?

Fundi_Mapipa: Mkuu?

Mpishi_wa_Dharura: Leo hapana. Mke alikuwa anapanga nguo humo ndani asubuhi yote.

Fundi_Mapipa: Zote ni za plastiki?

Mpishi_wa_Dharura: Sita. Mbili ni za kioo.

Fundi_Mapipa: Inuka sasa hivi. Funika zile za kioo kwa taulo nene, usisogeze uso, peleka zote kwenye sinki, fungua kidogo kidogo. Mimi niliwahi kupoteza taa ya jikoni na kipande cha dari kwa chupa moja tu.

Bibi_wa_Mtandao: Kimya kimezidi jamani.

Tomaso_2: Anatafuta picha mtandaoni huyo.

Mpishi_wa_Dharura: Moja ya kioo imepasuka kabla sijafika kabatini. Hakuna aliyeumia, nguo zimelowa. Mke ameamka, amewasha taa, ananusa, ananiuliza hii ni nini. Nimesema nakuja. Nijibu nini?