Ma-MC, hilo "tukiachana na hayo" lenu mtaliacha lini?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Hivi nani kawafundisha washereheshaji wa mji huu kwamba kila mtu akimaliza kuongea, dawa ni "tukiachana na hayo"? Tuachane na nini? Juzi kwenye send-off, baba wa bibi harusi kashika maiki, kaeleza alivyolea mabinti peke yake baada ya mkewe kufariki. Sauti inakatika, ukumbi kimya, kina mama wanajifuta machozi. Anarudisha maiki. MC: "Tukiachana na hayo, makofi kwa kamati ya vinywajiii!" DJ naye kaachia singeli. Mzee wa watu hata kwenye kiti chake hajafika.

Na huyo MC analipwa. Kwa michango yetu, tena wengine tumechanga kwa mafungu.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Shika neno la mwisho la aliyeongea, vuka nalo. "Mzee amemkumbuka mama, ambaye leo hayupo nasi. Waliosimama badala yake ni shangazi hawa hapa mbele, na ndio wanaofuata kutoa nasaha." Basi! Watu wamepumua, ratiba imesonga. Wazee wetu kwenye barua walikuwa na "amma baad" baada ya salamu; sisi shule ya msingi tulikaririshwa "dhumuni la barua hii". Yaani hata mtoto alijua hutoki kwenye "hofu na mashaka ni juu yako" ukaangukia kuomba nauli.

Halafu kuna "bila kupoteza muda", ambayo ikishatamkwa ujue muda ndiyo umeanza kupotea. Na "itifaki imezingatiwa", kisha mtu anataja mwenyekiti wa kamati, wazazi wa pande zote, meza kuu, mjumbe, mpaka majirani. Sasa imezingatiwa nini? Lakini hizo nasamehe, zinachosha tu.

Ya msibani sisamehe. Wasifu wa marehemu umesomwa, wajukuu wanalia, mshika maiki anadakia: "Wakati huohuo, mwenye gari jeupe lililoziba njia akalitoe." Gari litolewe, sawa, ila si waimbishe pambio moja kwanza? Au mtu amfuate mwenye gari amnong'oneze!

Ma-MC humu mmejaa, njooni mjitetee. Na msiniambie ratiba ilibana. Shughuli ya saa kumi na mbili mmefika saa mbili usiku, nani kaibana?